Kufuzu, Kustahili, Kufaa: Somo Kutoka Ngazi ya Makocha

Kuna mchezo wa kompyuta uitwao Hoops Dynasty, wa kampuni ya Kimarekani ya WhatIfSports. Ndani yake mtu huwa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo kikuu cha Marekani. Harushi mpira wala hakimbizi mtu uwanjani. Kazi yake ni kutafuta vijana wa kuwasajili, kupanga nani aanze na nani akae benchi, na kuchagua namna ya kushambulia na kulinda. Mashine ndiyo inayocheza mechi na kumletea matokeo. Majina ya vyuo ni ya kweli, na makocha wengi anaopambana nao ni watu kama yeye, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Mechi zina raha yake, lakini swali linalomkera kila anayeanza ni lingine: nifanyeje ili nikubaliwe kufundisha chuo kikubwa zaidi?

Swali hilo linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha. Ili kulijibu, waliotengeneza mchezo walilazimika kufanya kazi ya mtunga kamusi: kutoa maana ya neno «kustahili», tena maana ambayo mashine inaweza kuifuata bila kumuuliza mtu. Na sisi wenyewe tunaishi chini ya ngazi. Kila msomaji wa jarida hili anazijua daraja za chuo kikuu cha Kongo: asistenti, chef de travaux, profesa. Wapo wanaozipanda, wapo wanaozitazama kwa chini, na wote hujiuliza, kwa sauti au kimoyomoyo, nini hasa humpandisha mtu.

Hoja yangu ni hii. Kanuni ya mchezo huo ni finyu, na maisha ya makocha wa kweli yanaonesha pale inapokosea. Hata hivyo ina jambo moja ambalo kazi nyingi za kweli hazina: imewekwa wazi mapema, na inamhukumu kila mtu kwa kipimo kilekile. Tukiona ufinyu wake tusikimbilie kuitupa. Tuulize ni kitu gani kinachopaswa kuongezwa, na kwa masharti gani.

Tuanze na kanuni yenyewe. Michezo ya vyuo vya Marekani chini ya shirika la NCAA imegawanywa katika madaraja matatu tangu 1973. Daraja la Kwanza ndilo lenye vyuo vinavyoonekana kwenye televisheni. Daraja la Tatu ni la vyuo ambavyo havitoi hata ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Katika Hoops Dynasty kocha mpya huanzia Daraja la Tatu, awe nani. Kila chuo kina hadhi yake, inayoandikwa kwa herufi kama alama za shule, na katika Daraja la Kwanza vyuo vyenye historia kubwa kama Duke au Kansas vina hadhi ya msingi inayovibeba hata vikipitia msimu mbaya. Kocha naye ana kumbukumbu zake: mechi alizoshinda, alivyofika mbali katika mashindano ya mwisho wa msimu, na uaminifu wake, yaani kama ni mtu wa kukaa mahali au wa kuhamahama. Msimu ukiisha, nafasi zilizo wazi hutangazwa. Mashine hulinganisha kumbukumbu za kocha na hadhi ya chuo anachokitaka. Akifikia kiwango, anaweza kupata. Asipofikia, arudi alikotoka akashinde zaidi.

Sasa tutazame maneno. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo katika mazungumzo tunavichanganya. Kufuzu ni kuvuka kipimo kilichowekwa: mwanafunzi amefuzu mtihani, timu imefuzu kuingia fainali. Kustahili ni kuwa na haki ya kupewa kitu: mzee anastahili heshima, mfanyakazi anastahili ujira wake. Kufaa ni kulingana na kazi iliyopo: jembe hili linafaa kwa udongo mgumu, lile halifai. Mtu anaweza kufuzu na asifae. Anaweza pia kustahili na asiruhusiwe hata kukaribia kipimo.

Juu ya vitenzi hivyo limekaa nomino moja inayotuletea matatizo zaidi: sifa. Tangazo la kazi husema mwombaji awe na sifa zifuatazo, na hapo tunaelewa shahada, uzoefu, lugha anazozijua. Lakini tukisema fulani ana sifa, twaweza kumaanisha kwamba watu wanamsema vizuri. Kitenzi chake ni kusifu, na kusifu ni kazi ya midomo ya wengine. Kwa hiyo neno moja linabeba uwezo wa mtu na pia yale yanayosemwa juu yake. Mwenye lugha anaweza kuhama kutoka maana moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja bila msikilizaji kugundua, na kamati ya kuajiri nayo inaweza kuhama vilevile. Mashine haiwezi. Imelazimishwa kuweka ushindi wa kocha kwenye safu moja na hadhi ya chuo kwenye safu nyingine.

Je, ngazi ya namna hiyo ipo katika maisha? Ipo, na aliyeipanda kipandio baada ya kipandio ni John Beilein. Alianza kufundisha katika shule ya sekondari ya Newfane, jimbo la New York, 1975. Mwaka 1978 akaenda Erie Community College, chuo cha miaka miwili. Mwaka 1982 akawa Nazareth, Daraja la Tatu. Mwaka uliofuata Le Moyne, Daraja la Pili, akakaa huko hadi 1992. Kisha vikaja vyuo vya Daraja la Kwanza, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia: Canisius, Richmond kuanzia 1997, West Virginia kuanzia 2002, na Michigan kuanzia 2007. Akiwa Michigan alifikisha timu katika fainali ya taifa mara mbili, 2013 na 2018, akapoteza zote mbili. Mtu aliyezoea mchezo wa kompyuta akisoma orodha hiyo ataona kama anasoma historia ya mchezaji mwenzake. Kila kazi ilikuwa ushahidi wa kumpatia kazi iliyofuata.

Mtu akiishia kwa Beilein, atasema kanuni ni nzuri na mjadala umekwisha. Lakini ngazi inampandisha yule tu aliyeruhusiwa kuikanyaga. Mfano wake ni John McLendon. Alisoma Chuo Kikuu cha Kansas katika miaka ya 1930, na mmoja wa walimu wake alikuwa James Naismith, mtu yuleyule aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. McLendon hakuweza kuichezea timu ya chuo hicho kwa sababu alikuwa Mweusi. Akawa kocha katika vyuo vya Weusi. Akiwa Tennessee A&I alichukua ubingwa wa shirika la NAIA miaka mitatu mfululizo: 1957, 1958 na 1959. Katika mchezo wa kompyuta, kocha mwenye kumbukumbu kama hizo angeamka asubuhi na kukuta milango mingi iko wazi. McLendon alifika 1966 ndipo chuo kikuu chenye Wazungu wengi, Cleveland State, kilipomkabidhi timu yake, na alikuwa Mweusi wa kwanza kupewa kazi ya namna hiyo.

Hapa kanuni iliyoandikwa inaonesha thamani yake. Mashine haina safu ya rangi ya ngozi, haina safu ya kabila, haijui kijiji alichozaliwa baba yake mwombaji. Asiyependa kumwona McLendon juu ya ngazi angelazimika kuiandika chuki yake ndani ya kanuni, ambako kila mtu angeisoma. Pasipo kanuni, chuki hukaa kimya ndani ya maneno mazuri kama «tumeona haendani na chuo chetu», na hakuna anayeweza kuikamata.

Lakini maisha ya McLendon yana tukio jingine linaloudhi kila anayeamini namba peke yake. Mwaka 1944, huko Durham, North Carolina, timu yake ya chuo cha Weusi ilicheza kwa siri dhidi ya timu ya wanafunzi wa udaktari wa Duke, milango ikiwa imefungwa na bila watazamaji, kwa kuwa ubaguzi wa wakati ule haukuruhusu pande hizo mbili kukutana uwanjani. Timu ya McLendon ilishinda kwa 88 dhidi ya 44. Kwa miaka mingi ushindi huo ulijulikana kwa waliokuwemo tu. Kanuni ya kuhesabu ushindi ingempa nini kwa mechi ile? Sifuri. Namba huhesabu kile kilichoruhusiwa kuandikwa. Kwa hiyo anayesema «tufuate kumbukumbu tu» anapaswa kuulizwa kwanza kumbukumbu hizo ziliandikwa na nani, na ni kazi gani zilizofanywa ambazo hakuna aliyezitia kwenye daftari.

Kuna kasoro nyingine, na hii ni ndani ya kanuni yenyewe. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kilikuwa kimetoka katika msimu wa aibu: mechi 3 za ushindi na 23 za kushindwa. Kikamwajiri John Thompson. Alikuwa amecheza Providence na Boston Celtics, lakini kama kocha kazi yake ilikuwa katika shule ya sekondari ya St. Anthony, mjini humohumo. Hakupitia Daraja la Tatu wala la Pili. Katika Hoops Dynasty hakuna njia ya kutoka sekondari hadi Georgetown. Mashine ingemrudisha chini bila kumtazama mara mbili. Mwaka 1984 Thompson alishinda ubingwa wa Daraja la Kwanza, akiwa kocha Mweusi wa kwanza kuufikia.

Wakongomani tuna deni letu kwa ajira ile. Mwaka 1987 kijana wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alifika Georgetown kwa ufadhili wa masomo, nia yake ikiwa kusomea udaktari. Thompson ndiye aliyemwingiza katika timu. Mutombo alihitimu 1991, na kabla hatujasema neno lolote juu ya urefu wake au mikono yake, sisi wa kitivo hiki tukumbuke alichosomea hatimaye: isimu, pamoja na diplomasia. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, ilifunguliwa 2007. Alifariki 2024. Ukifuata uzi huo nyuma, utafika kwenye uamuzi wa watu waliomwona mwalimu wa sekondari na kusema, pamoja na kwamba hana kipandio kinachotakiwa, anafaa.

Basi tuiache kanuni na tuwaamini wenye macho? Georgetown yenyewe inatujibu. Mwaka 2017 ilimwajiri Patrick Ewing, nyota wa timu ile ya 1984. Alikuwa amefanya kazi ya kocha msaidizi katika NBA kwa miaka mingi, lakini hakuwa amewahi kuongoza timu ya chuo. Jina lake pale chuoni lilikuwa kubwa kuliko jengo. Mwaka 2021 alishinda mashindano ya ligi ya Big East, na wengi wakashangilia. Msimu uliofuata timu yake ilicheza mechi 19 za ligi hiyo na kupoteza zote 19. Mwaka 2023 aliondolewa, na nafasi yake ikapewa Ed Cooley, aliyekuwa akifundisha Providence katika ligi hiyohiyo. Yaani safari hii walimchukua mtu aliyekwisha kufuzu katika kazi yenyewe. Simsemi Ewing kwa ubaya. Kucheza kwa ustadi na kufundisha kwa ustadi ni kazi mbili, na hapo ndipo neno sifa linapotuponza: alikuwa na sifa tele, kwa maana ya kusifiwa.

Chuo kimoja, mlango mmoja, na mara mbili kilimpokea mtu asiyepitia ngazi. Mara ya kwanza kilipata bingwa, mara ya pili kilipata msimu bila ushindi katika ligi yake. Tofauti iko wapi? Kwa nje tunaona jambo moja: Thompson alikuwa na kazi ya kocha mkuu iliyoweza kukaguliwa, ingawa ilikuwa ya sekondari. Waliomchukua waliweza kutaja ushahidi. Macho ya binadamu ni ya lazima, lakini yanapoamua kuruka kipimo, yaseme yameona nini.

Mtetezi wa mchezo anaweza kunijibu kwamba natia chumvi, kwa kuwa kila mchezo hurahisisha mambo. Ni kweli. Lakini tazama kile kinachorahisishwa. Katika vyuo vya Marekani njia kubwa ya kuwa kocha mkuu ni kuwa msaidizi. Tom Izzo alikuwa msaidizi Michigan State kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kukabidhiwa timu 1995, akatwaa ubingwa 2000. Jon Scheyer aliipokea Duke 2022 kutoka kwa Mike Krzyzewski bila kuwahi kuwa kocha mkuu mahali popote. Hoops Dynasty haina njia hiyo. Kila mtu ni kocha mkuu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna anayelelewa, na hakuna mlezi anayemsemea mwenzake. Kwa upande mmoja hilo linaua upendeleo. Kwa upande mwingine linafuta ujuzi unaopatikana kwa kukaa karibu na mwalimu, ujuzi ambao asistenti yeyote wa kitivo chetu anaujua hata kama hauonekani kwenye karatasi zake.

Neno la mwisho ninalotaka kulipima ni uaminifu. Katika mchezo, kuhamahama hupunguza uaminifu wa kocha, na kukaa huuongeza. Kwa Mark Few, aliyeiongoza Gonzaga kuanzia 1999 na kuifikisha fainali 2017 na 2021, kipimo hicho kinaonekana kufaa. Kwa Beilein kinatatiza: alihama mara nyingi, lakini alikaa Le Moyne miaka tisa na Michigan miaka kumi na miwili. Kiswahili kinatukumbusha kwamba uaminifu ni ndugu wa imani na amana. Ni lazima awepo mtu aliyekuamini na kitu alichokukabidhi. Katika kazi ya kocha, amana hiyo ni vijana aliowasajili na wazazi waliomkubalia. Kwa miaka mingi kocha wa Daraja la Kwanza aliweza kuhama leo na kufundisha kwingine kesho, ilhali mchezaji akihama kwa kawaida alikaa nje msimu mzima. Ni 2021 tu ambapo NCAA iliwaruhusu wachezaji wote kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Mashine huhesabu miaka ya kocha mahali pamoja. Haiwaulizi vijana kama aliwatimizia alichowaahidi. Kocha aliyekaa miaka kumi akiwapuuza wachezaji wake ataandikiwa uaminifu mkubwa.

Kutokana na haya yote napendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha. La kwanza, kila mahali penye ngazi pawe na kipimo kilichoandikwa na kubandikwa kabla ya maombi kuanza, na mwombaji aweze kuona kumbukumbu zake mwenyewe, kama kocha wa mchezo anavyoziona. Asiyefaulu ajue amepungukiwa na nini. La pili, wenye kuamua waruhusiwe kuruka kipimo, la sivyo tutawakosa akina Thompson. Lakini wakiruka, waandike sababu, na sababu hiyo itaje kazi iliyofanyika, isiwe jina la mtu wala jina la aliyempendekeza. La tatu, paundwe nafasi ya kuhesabu kazi ambazo hazikupata daftari: masomo yaliyosimamiwa bila cheo, lugha zilizorekodiwa vijijini bila kuchapishwa, wanafunzi waliosaidiwa hadi wakamaliza.

Watu watauliza kama isimu ina mchango wowote katika jambo la utawala. Naona unao, na unaanzia kwenye karatasi moja ya tangazo. Mara nyingi wahitimu wetu ndio wanaoombwa kutafsiri matangazo ya kazi na kanuni kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na sisi huchukua maneno matatu au manne tofauti ya Kifaransa na kuyatupia yote ndani ya kapu la «sifa». Tuache mazoea hayo. Tuandike: ili kufuzu, mwombaji awe na shahada hii na miaka hii ya kazi. Tuandike katika sehemu nyingine: kamati itaangalia kama anaifaa kazi kwa mambo yafuatayo, na tuyataje. Na yale ambayo watu husema juu yake, kwa wema au kwa ubaya, yapewe jina lake, yaitwe maoni ya wadhamini. Msomaji wa tangazo kama hilo atajua ni kipimo kipi kinamsubiri, na kamati itakayotaka kutoka kwenye kipimo kimoja hadi kingine itabidi ibadilishe neno, na wote tutaliona likibadilishwa.